Kumpima Asiyeumwa

Liko neno moja ambalo wauzaji wa afya wamelipenda mno siku hizi, nalo ni kinga. Hulipaka juu ya matangazo yao kama mpishi apakavyo samli juu ya chapati, na msomaji akiisha kuliona hutia mkono mfukoni bila kuuliza swali la pili. Nani atasimama apinge kinga? Tangu utoto tumeambiwa ya kuwa kinga ni bora kuliko tiba, na kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Methali hizi ni za kweli. Nakusudia kuonyesha katika insha hii ya kuwa zimetwaliwa na watu wasiokuwa na haki nazo, zikatiwa kazini kuuza kitu kisichokinga wala kisichoziba. Kitu hicho ni picha ya mwili mzima kwa mashine ya CT, apigwayo mtu asiyeumwa popote, ili ajue kama ana ugonjwa uliojificha.

Sina ugomvi na mashine yenyewe. Ni katika kazi bora zilizofanywa na akili ya binadamu katika karne iliyopita. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, aligundua mionzi ipenyayo nyama ikazuiwa na mfupa. Picha za eksirei zilizotokana na mionzi hiyo zilikuwa picha za vivuli, na kila kilicho mbele mwilini hulaliana na kilicho nyuma. Kwa miaka zaidi ya sabini, daktari aliyetaka kuona ndani ya fuvu alikuwa kama mtu asomaye kitabu kilichofungwa huku kurasa zote zikiangaza pamoja. Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg na kufanya kazi Cape Town, alitafuta hesabu za kuzitenga kurasa hizo, akazichapisha mwaka 1963 na 1964, na watu wachache sana wakamsikiliza. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI huko Uingereza, akaijenga mashine pasipo kujua habari za Cormack. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe ubongoni akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa picha hiyo, na uvimbe ukaonekana. Mwaka 1979 mabwana hao wawili waligawana Tuzo ya Nobel, nao waliistahili.

Angalia, msomaji, jambo hilo la mwanzo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mgonjwa. Mwili wake ulikuwa umekwisha kulalamika, daktari amekwisha kumwuliza na kumgusa na kushuku, ndipo mashine ikaitwa itoe ushahidi juu ya swali lililokwisha kuulizwa. Hiyo ndiyo kazi yake ya halali. Kijana aliyeanguka kwa bodaboda akapoteza fahamu, mashine hii huonyesha kwa dakika chache kama damu inavuja ndani ya fuvu lake. Mzee aliyepooza upande mmoja ghafla, mashine hii humwambia daktari kama mshipa umepasuka au umeziba, na jibu hilo ndilo liamualo dawa, kwa kuwa dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Mtu wa namna hiyo akiagizwa na daktari kupigwa picha ya CT, na aende mbio, wala asikumbuke hata neno moja katika maneno yangu.

Walakini mashine ya bei kubwa haipendi kukaa bure. Mnamo mwaka 2000 na miaka michache iliyofuata, Wamarekani walifungua vituo vya kupiga picha za CT hata ndani ya majengo ya maduka, mtu anunue viatu kisha akanunue picha ya maini yake. Hapakuhitajiwa barua ya daktari wala malalamiko ya mwili, fedha zilitosha. Vituo vingi kati ya hivyo vilifungwa kabla ya miaka mingi kupita, lakini biashara haikufa. Huko Uingereza, mwaka 2007, kamati ya wataalamu iishaurio serikali juu ya madhara ya mionzi ilisema waziwazi ya kuwa huduma ya kuwapiga watu wasio na dalili picha ya CT ya mwili mzima ikomeshwe. Nchini Marekani, idara ya serikali isimamiayo vyakula na dawa haikupata kuidhinisha mashine yoyote ya CT kwa kazi ya kuwapima mwili mzima watu wasio na dalili za ugonjwa. Kwa hiyo hoja hizi si kelele za mwalimu mmoja anayeogopa mitambo. Hata hivyo duniani wauzaji wangaliko, na wateja wangaliko, na hapa kwetu mashine zinazidi kuongezeka katika miji. Palipo na mashine na mtu mwenye hofu na fedha kidogo, soko halichelewi kufunguliwa.

Na tuanze na neno lenyewe. Kinga ni kitu kisimamacho kati ya mtu na adhabu. Chandarua ni kinga, maana mbu hufika akazuiwa. Chanjo ni kinga: tangu Oktoba 2019 wasichana wetu wa miaka kumi huchanjwa dhidi ya virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi, na aliyechanjwa vyema hupunguziwa sana hatari ya kupatwa na ugonjwa huo. Kuacha sigara ni kinga. Picha ya CT haizuii kitu. Mtu aliyetoka katika mashine ana mwili ule ule alioingia nao, isipokuwa umeongezewa mionzi na kupunguziwa shilingi. Ni kama mtu aliyewasha tochi chumbani usiku: labda atamwona mbu, labda atamkosa, labda ataona kivuli cha uzi akadhani ni mbu, lakini tochi haijapata kuwa chandarua hata siku moja.

Utanijibu, msomaji, ya kuwa kumwona mbu mapema si jambo dogo. Ugonjwa ukijulikana mapema hutibika, na ukijulikana kwa kuchelewa huua. Hoja hii ndiyo nguzo ya biashara yote, nayo ni kweli kwa magonjwa fulani, wala si kweli kwa yote. Nakuomba tuitazame kwa utulivu.

Chukua basi la usiku litokalo Mombasa kwenda Nairobi. Ndani yake wamelala abiria wawili, viti viwili vya jirani. Mmoja anaamshwa Voi, wa pili anaamshwa Sultan Hamud. Ukihesabu saa tangu kila mmoja alipofumbua macho mpaka walipofika, utasema aliyeamshwa Voi amesafiri muda mrefu zaidi. Lakini basi ni moja, nalo limeingia Nairobi saa ile ile kwa wote wawili. Hivyo ndivyo ilivyo kwa ugonjwa ambao tiba yake haibadiliki kwa kujulikana mapema. Aliyeambiwa leo ataonekana ameishi miaka mitano na ugonjwa, na mwenzake aliyeambiwa baada ya miaka mitatu ataonekana ameishi miwili, na muuzaji wa picha ataandika hesabu hiyo kwa herufi kubwa. Kumbe mmoja alipewa miaka mitatu zaidi ya kukosa usingizi tu. Ndiyo maana wenye elimu ya jambo hili hawaulizi mgonjwa aliishi muda gani tangu ajue. Huchukua makundi mawili makubwa ya watu wa namna moja, wakalipima moja na kuliacha la pili, kisha wakahesabu makaburi ya kila upande.

Tena si kila saratani huenda mwendo mmoja. Iko iendayo kama moto katika nyika kavu, nayo mara nyingi huzuka kati ya kipimo kimoja na kingine, mashine isiwahi. Iko iendayo kama kinyonga, na mwenye nayo hufa kwa uzee au kwa maradhi mengine bila kujua kwamba alikuwa nayo. Ubaya wa kumpima kila asiyeumwa ni huu, kwamba chombo huwanasa vinyonga wengi kuliko moto, na kinyonga aliyeonekana hakuna daktari awezaye kumwachia kwa moyo mweupe.

Mfano mkubwa ulionekana Korea ya Kusini. Chombo kilikuwa kingine, kile cha mawimbi ya sauti kisichotoa mionzi, lakini somo ni lile lile. Watu wasio na dalili walizoea kupimwa tezi ya shingoni kwa fedha kidogo wakati wa uchunguzi wa kawaida. Ilipofika mwaka 2011, saratani ya tezi hiyo ilikuwa ikigunduliwa mara kumi na tano kuliko mwaka 1993. Taifa lilidhani limeingiliwa na tauni. Kumbe idadi ya waliokufa kwa saratani hiyo haikupanda wala haikushuka. Ilikaa pale pale. Maelfu kwa maelfu ya watu walikatwa shingo, wakatolewa tezi zao, wakafungwa na vidonge vya kila siku mpaka kufa. Baadhi yao waliharibiwa mishipa ya sauti. Madaktari wa nchi hiyo walipojitokeza hadharani mwaka 2014 kuonya, watu walipungua kwenda kupimwa, na upasuaji ukapungua pia. Niambie, mtu aliyepoteza sauti yake kwa ajili ya saratani ambayo isingalimdhuru, alikingwa na nini?

Turudi kwenye CT. Mwaka 2005 ilichapishwa hesabu ya watu 1,192 wa Marekani waliopigwa picha ya mwili mzima. Hawa hawakuwa watu waliobebwa kwa machela. Walikwenda kwa miguu yao. Asilimia 86 kati yao walipewa ripoti yenye jambo moja au zaidi lisilokuwa la kawaida. Asilimia 37 waliambiwa wafanyiwe uchunguzi zaidi. Hebu soma tena tarakimu ya kwanza. Ikiwa watu 86 katika kila 100 si wa kawaida, basi neno kawaida limekosa maana. Mwili wa binadamu aliyepita miaka arobaini ni kama nyumba ya zamani: una nyufa za lipu, misumari iliyosahauliwa, madoa ya mvua ya mwaka fulani, na nyumba inasimama. Figo huwa na vifuko vya maji visivyo na neno. Ini huwa na madoa ya mishipa ya damu aliyozaliwa nayo mtu. Pafu huwa na makovu. Mashine huona yote haya kwa uaminifu wa ajabu. Isichoona ni maana yake. Kuziba ufa ni wajibu, lakini kuna tofauti ya ufa na mstari uliochorwa ukutani na mtoto, na mtu abomoaye nyumba ili ahakikishe mstari si ufa hatutamwita mwenye busara.

Na hapa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito kuliko Marekani, nalo sijaona likitajwa katika tangazo lolote. Kifua kikuu kimekaa kwetu vizazi na vizazi. Watu wengi waliwahi kuugua wakapona, na wengine waliambukizwa wakalishinda bila kujua, wakabaki na vinundu na makovu kifuani. Katika picha ya CT kinundu cha kifua kikuu kilichokufa na kinundu cha saratani changa huweza kufanana kama mapacha. Kwa hiyo hata zile hesabu za hofu za bure zilizofanywa ng'ambo, hapa kwetu yafaa zisomwe kwa mashaka zaidi.

Mjomba wangu alipostaafu kazi ya ukarani akiwa na miaka hamsini na minane, binti zake walio Marekani walimtumia fedha za kupigwa picha ya mwili mzima katika kituo kimoja cha mjini. Ilikuwa zawadi, na ilitoka katika mapenzi. Hakuwa akikohoa, hakupata kuvuta sigara, na kila asubuhi alikuwa akikamua ng'ombe wake mwenyewe. Ripoti ilitaja kifuko katika figo, doa katika ini, na kinundu cha milimita 11 katika pafu la kulia. Baada ya miezi mitatu alirudiwa picha, kinundu kikawa vile vile, lakini hakuna aliyetaka kubeba dhima ya kumwambia aende zake. Akachomwa sindano ndefu kifuani ili kitolewe kipande cha kupimwa. Hewa ikavuja ndani ya kifua, akalazwa siku sita na mpira ubavuni. Ng'ombe wawili wa maziwa wakauzwa, maana zawadi ilikuwa imelipia picha ya kwanza tu. Majibu yalikuja: kovu la kifua kikuu. Ndipo alipokumbuka kwamba ujanani alichomwa sindano za kifua kwa miezi mingi, jambo ambalo mtu yeyote angalilijua kama angaliuliza kabla ya kuwasha mashine. Siku niliyokwenda kumjulia hali aliniambia, "Mpwa wangu, nilikwenda mzima nikarudi mgonjwa, na ugonjwa wenyewe hawakunitajia jina." Simlaumu daktari aliyemchoma sindano, ukishakiona kinundu huna njia nzuri. Namlaumu aliyeuza tiketi ya safari bila kusema inaishia wapi.

Haki itanidai niseme pia pale ambapo CT imeshinda. Nchini Marekani walichukuliwa watu 53,454 wa umri wa miaka 55 mpaka 74, wote wavutaji wakubwa wa sigara au walioiacha karibuni. Nusu walipigwa CT ya mapafu yenye mionzi michache mara moja kila mwaka kwa miaka mitatu, na nusu walipigwa eksirei ya kawaida. Majibu yalitolewa mwaka 2011. Vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 katika kundi la CT. Huu ni ushindi wa kweli, nao umethibitishwa tena mwaka 2020 na utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji. Lakini usome ushindi huo mpaka mwisho. Katika kila vipimo 100 vilivyoonyesha jambo la kutilia shaka, 96 havikuwa saratani. Na ili kifo kimoja cha saratani ya mapafu kizuiwe, iliwapasa watu kama 320 kupimwa. Kwa mvutaji wa pakiti moja kila siku kwa miaka thelathini, biashara hiyo inalipa, kwa sababu hatari yake ni kubwa. Kwa mwalimu wa miaka thelathini na minne asiyevuta, hofu za bure zitakuwa vile vile au kuzidi, na wa kuokolewa hayupo. Muuzaji akikuambia kwamba CT huokoa maisha, anakuambia ukweli juu ya mtu mwingine.

Nimechelewa kusema habari ya mionzi, nami sitaki kukuogofya kwa kitu kisichostahili. Sote tunaishi ndani ya mionzi itokayo ardhini, angani na katika vyakula. Wastani wa dunia ni kama milisivati 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya CT ya mwili mzima huweza kufika milisivati 10 au kupita, yaani mionzi ya miaka minne kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Ile idara ya Marekani niliyoitaja imekadiria ya kuwa kipimo cha milisivati 10 huweza kuongeza nafasi ya mtu kufa kwa saratani kwa kiasi cha 1 katika 2,000. Nayo hukumbusha, kwa uungwana, kwamba katika Wamarekani 2,000 tayari kama 400 hufa kwa saratani. Nyongeza ya mmoja ni ndogo. Kwa mgonjwa ni ndogo kuliko faida yake, na hapo mjadala umekwisha. Kwa asiyeumwa, faida haijaonyeshwa, na kitu kidogo kilicholinganishwa na hakuna ni kikubwa. Tena wauzaji hawataki uje mara moja. Hutaka uje kila mwaka. Mwaka 2004 wanasayansi wawili wa Marekani walipiga hesabu ya mtu aanzaye akiwa na miaka 45 na kurudia kila mwaka kwa miaka thelathini. Wakaona kwamba mtu mmoja katika kila 50 wa namna hiyo angaliweza kufa kwa saratani iliyoletwa na kipimo chenyewe. Hesabu hizo ni makadirio, yaliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya waliosalimika Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, na wako wabishao juu ya ukubwa wake. Na wabishe. Anayekuuzia kitu ndiye apaswaye kuthibitisha kwamba hakidhuru. Si kazi ya mnunuzi.

Tena mionzi ina historia ya kuchezewa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alizoea kuweka mikono yake mbele ya mtambo wa eksirei kuujaribu. Alikatwa mikono, akafa mwaka 1904. Pamoja na onyo hilo, tangu miaka ya 1920 maduka ya viatu ya Marekani na Uingereza yalikuwa na sanduku la eksirei ambamo mtoto alitia miguu ili mama aone kama kiatu kinamtosha. Ilikuwa ni kivutio cha wateja tu, maana kidole gumba cha mwuza viatu kilitosha kabisa kwa kazi hiyo. Iliwachukua wenye mamlaka miaka mingi kuyaondoa masanduku hayo. Nikiona tangazo la picha ya mwili mzima, huyakumbuka.

Sasa tazama kile kinachoachwa. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 juu ya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha ya kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo kubwa la damu, na kwamba zaidi ya nusu hawajapata kupimwa shinikizo hilo hata mara moja maishani. Kipimo chenyewe ni kitambaa kinachofungwa mkononi kikajazwa upepo. Hakina mionzi, hakina sindano, kinaisha kabla hujapiga soga na muuguzi, na kinachogunduliwa kina dawa. CT ya mwili mzima haipimi shinikizo la damu. Haioni kisukari. Haitoi jibu juu ya mlango wa kizazi, ambako kipimo rahisi cha zahanati huona mabadiliko miaka mingi kabla hayajawa saratani na kuyaondoa papo hapo. Nimewajua watu walio tayari kulipa mshahara wa mwezi kwa picha, nao hawajawahi kuunyosha mkono wao wapimwe damu bure siku ya maonyesho ya afya. Hawafanyi hivyo kwa upumbavu. Kitambaa hakina fahari. Mashine kubwa nyeupe inayovuma ina fahari, na sisi binadamu hudhani kwamba kilicho ghali kina macho makali zaidi.

Mwenye fedha atasema, "Fedha ni zangu na mwili ni wangu, wewe unaumwa na nini?" Ningalinyamaza kama mambo yangalikomea kwake. Lakini picha ya kwanza huzaa ya pili, na ya pili huzaa sindano, na sindano huzaa kitanda. Ripoti ya kituo cha fahari ikiisha kutaja neno "shaka", mwenyewe huipeleka hospitali ya umma, akasimama katika mstari ule ule na yule mama aliyepooza na yule kijana wa bodaboda. Mtaalamu asomaye picha hizo ni mmoja, na saa zake zinahesabika. Na akiba ikiisha, barua ya harambee hutumwa kwa ndugu, kwa jirani, na kwa walimu wenzake. Nimechangia barua kama hizo, wala sijutii kuchangia. Jambo lisilotuhusu halituletei barua.

Kwa hiyo sisemi mashine zifungiwe stoo, wala sisemi mtu mzima akamatwe kwa kuupenda mwili wake. Nataka mambo machache yaliyo wazi. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia, na mamlaka iliyoundwa chini yake ndiyo itoayo leseni za mitambo ya mionzi. Leseni hiyo na itamke kwamba hapigwi picha ya CT mtu yeyote ambaye daktari hajamwuliza habari zake na kumgusa na kuandika sababu. Daktari huyo asiwe analipwa kwa kila kichwa akiletacho. Na popote picha hiyo inapouzwa kwa wasio na dalili, ziandikwe pamoja na bei habari tatu: kipimo cha mionzi kwa milisivati, idadi ya watu katika kila 100 ambao kituo hicho huwaita tena kwa uchunguzi zaidi, na nani atalipa gharama ya uchunguzi huo. Karatasi za bei tayari zimening'inizwa ukutani mwa vituo hivyo, zimeandikwa kwa rangi nzuri, na chini ya mstari wa mwisho nafasi ipo.